Mtu Aliyelala na Haki Zake

Hakuna binadamu, awe mfalme au hamali, asiyevuliwa utawala wa nafsi yake kwa takriban theluthi moja ya umri wake. Kwani atake asitake usingizi humjia, ukamnyang'anya macho, ulimi na hiari, ukamwacha kitandani hana habari ya dunia. Hapo ndipo lilipozuka suala ambalo wenye hekima wamelijadili tangu zamani: mtu huyo asiye na nia wala kauli, je, ni mtu kamili, au utu wake umekwenda zake pakabaki kiwiliwili kitupu?

Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, alishikilia kuwa dhati ya roho ni kufikiri, na kwa sababu hiyo roho haiachi kufikiri hata usingizini, ijapokuwa mwenyewe akiamka hakumbuki kitu. John Locke wa Uingereza akampinga, akisema kwamba lau Socrates aliyelala angekuwa na fikira ambazo Socrates aliye macho hazijui kabisa, basi hao wangekuwa watu wawili. Walihitilafiana, lakini wote wawili waliutafuta utu katika fikira.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza jambo ambalo wabishani hao hawakupata kulijua. Aserinsky alikuwa amembandika mwanawe wa miaka minane nyuzi za umeme kandokando ya macho, akamwacha alale. Na kalamu za mashine, zilizokuwa zimetulia, zikaanza ghafla kucharaza karatasi, kwa kuwa macho ya mtoto yalikuwa yakienda mbio chini ya kope zilizofumba. Leo yajulikana kuwa usingizi una daraja zake: kwanza lepe, ambalo mtu akiitwa huitika, na pengine hukana kuwa alilala, kisha usingizi mwepesi, moyo ukipunguza mwendo na joto la mwili likishuka, kisha usingizi wa pono, ambamo mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya taratibu, na mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na mwisho usingizi wa ndoto, ubongo umechangamka kama wa aliye macho, ilhali misuli imelegezwa isitii amri. Mtafiti Michel Jouvet wa Lyon alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka inayolegeza misuli hiyo, paka hao waliinuka wakawinda mawindo yasiyokuwapo, nao wamelala. Mzunguko wa daraja hizo huchukua kiasi cha dakika 90, ukarudiwa mara nne au tano hata asubuhi, na ndani yake hata masomo ya jana hukazwa katika kumbukumbu, pasipo mwenyewe kushauriwa.

Basi ikiwa sehemu kubwa ya yanayotuhifadhi hutendeka bila ya fikira zetu, naona mafakihi wa Kiislamu waliushika ukweli kwa njia iliyonyoka zaidi. Walipokea kwa Mtume kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Lakini sala iliyompita ataisali atakapoamka, na akijigeuza usingizini akamlalia mtoto hata akafa, hahesabiwi muuaji wa kusudi, ila diya, yaani fidia ya damu, hulazimu. Mali yake ni yake, ndoa yake haikuvunjika, na mwenye kumuua ameua nafsi kamili. Waliondoa dhambi, kwa kuwa dhambi haisimami bila ya nia. Wakaacha haki na deni, kwa kuwa hayo hufungamana na mtu mwenyewe wala si na mawazo yake.

Kanuni hiyo ina upana kuliko kitanda. Lau heshima ya mtu ingetegemea kujitambua kwake, sote tungeipoteza kila usiku na kuiomba upya kila alfajiri. Wala kichanga, mgonjwa aliyezimia, na mzee aliyepotewa na akili wasingekuwa na cha kudai kwetu. Haki zao ni zile zile za aliyelala, na aliye macho ataulizwa juu ya haki hizo, maana kalamu yake yeye haijainuliwa.