Kosa la Dawa: Dhambi ni ya Nani, na Dhamana ni ya Nani?

Muuguzi humpa mgonjwa dawa isiyo yake, au dawa yake kwa kipimo kisicho chake, mgonjwa akadhurika au akafa. Muuguzi hakukusudia. Je, aadhibiwe au asamehewe? Kila litokeapo jambo hili watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema: afukuzwe, afungwe, iwe funzo kwa wengine. La pili husema: ni kadari ya Mwenyezi Mungu, ajali yake ilifika, tunyamaze. Sisi twaona wote wawili wamekosea, na rai zao zazaa tunda moja: kosa hubaki pale pale, likimngoja mgonjwa wa pili.

Natuchukue mfano wa mbali, tupate kuhukumu bila ya upendeleo. Endebess ni mji mdogo chini ya Mlima Elgon, katika kaunti ya Trans Nzoia, ukitoka Kitale kwa njia iendayo Suam, mpakani mwa Uganda. Una hospitali yake ya serikali. Hatusemi kwamba hospitali hiyo imekosea. Twasema kwamba lililo jepesi kutokea kila mahali, huko sababu yake yaonekana waziwazi. Wabukusu, walio wengi katika kaunti hiyo, huwaita watoto kwa majira waliyozaliwa: wa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula, wa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Basi wodi moja yaweza kuwa na kina Wafula watatu kwa siku moja. Muuguzi wa usiku akiita "Wafula!", akaitikia mwenye homa asiyejua aitwacho, kosa limekwisha zaliwa kabla sindano haijainuliwa. Wala tusiwacheke wenzetu: katika wodi za Mombasa, kina Mohamed Ali na kina Fatuma Omar ni wangapi?

Jina si mlango pekee. Kuna mlango wa mwandiko. Insulini huandikwa kwa yuniti. Daktari akilifupisha neno hilo kwa herufi U baada ya 10, msomaji mwenye haraka huiona herufi kuwa sifuri, akatoa 100. Nukta ya 0.5 ikifutika, mgonjwa hupewa 5. Kuna mlango wa uzito, kwani mtoto hupimiwa dawa kwa kilo zake, na asiyetiwa mizanini hukisiwa tu. Na kuna mlango wa wakati: methotreksati, ambayo mwenye baridi yabisi huimeza mara moja kwa juma, ikimezwa kila siku yaweza kuua.

Haya si ya kubuni. Mapema mwaka 2015 ilijulikana kwamba huko Teso, katika kaunti ya Busia, jirani na Bungoma, watoto 28 walilemaa baada ya kudungwa sindano za kutibu malaria. Sindano ya matakoni ikikosa mahali pake hujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu uteremkao mguuni. Watoto 28 si mkono kuteleza mara moja. Ni dalili ya kazi iliyokosa jicho la pili la kuitazama. Na mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtu alipasuliwa kichwa ili itolewe damu iliyoganda asiyokuwa nayo. Mwenye maradhi hayo alikuwa mwingine, na vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganywa. Hilo lilikuwa kosa la kisu, lakini mlango wake ni ule ule wa jina.

Ama sharia yetu, imetenga mambo mawili ambayo sisi twayachanganya: dhambi na dhamana. Aliyekosea bila ya kukusudia husamehewa dhambi, lakini haki ya aliyedhurika haianguki. Katika mauaji ya kukosea, Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, imewajibisha kafara na diya, ila wenye haki wakisamehe. Kafara ni juu ya aliyeua, ili moyo wake usilale. Diya, mafakihi wameiweka juu ya akila, yaani jamaa zake kwa pamoja. Twaona humo hekima kubwa: wanaobeba mzigo pamoja hujifunza kuangaliana. Ama ajitiaye utabibu hali hana elimu yake, huyo ni mdhamini wala hana udhuru.

Basi twasema: hospitali ndiyo akila ya muuguzi. Aliyempa wagonjwa wengi kupita kiasi, taa hafifu na chupa mbili za sura moja rafu moja, ana fungu lake katika kosa.

Wakubwa wetu walilifahamu hili. Wanahistoria wasimulia kwamba mwaka 319 H., sawa na 931, khalifa Al-Muqtadir alipata khabari kuwa mtu amekufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Hakuishia kwa tabibu yule mmoja. Aliamuru matabibu wa mji watahiniwe na Sinan bin Thabit, nao wakapita 860. Aliutazama mlango, hakumtazama aliyepita peke yake.

Lakini lipo jambo lisilo na udhuru. Kosa halina nia. Kulificha kuna nia. Hapo ndipo dhambi ianzapo. Na mwenye kujua kwamba akisema atafukuzwa, atanyamaza. Jamaa wa marehemu watanyimwa haki yao, na Wafula wa pili atadungwa kama wa kwanza. Kwa hiyo anayekiri apokewe kwa heshima, jamaa walipwe, na khabari iandikwe. Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya hupokea taarifa za makosa ya dawa.

Nasi watu wa mjini tusijitoe. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani ni 15. Mama achukuaye kijiko chochote jikoni aweza kumpa mwanawe dawa mara tatu. Tutaje majina yetu matatu tuitwapo. Twende kwa daktari na dawa zote tunazomeza, hata za mitishamba. Tuulize: hii ni dawa gani, ya nini, mara ngapi? Kuuliza si utovu wa adabu. Tumeamrishwa kuandika deni, dogo na kubwa, lisije likaleta shaka. Seuze dawa iingiayo mwilini mwa mtu, ambayo haina kurudishwa?

Mwenye kufunga mlango wa kosa leo amemwokoa mtu asiyemjua. Mwenyezi Mungu atuwafikie.