Fujo ya Nyumbani: Ni Maumbile au ni Mazoea?

Wako watu ambao tangu ujana wao hata kuota mvi nyumba zao hazijapata kuwa na taratibu: kanzu juu ya kiti, vitabu chini ya kitanda, hati ya shamba ndani ya gunia la muhogo mkavu. Wakiambiwa hujibu, "Ndivyo tulivyoumbwa," na wengine huitilia nguvu hoja yao kwa methali ya samaki akunjwaye angali mbichi. Basi yapasa kuuliza: je, fujo hii ni maumbile ambayo mtu halaumiwi kwayo, au ni mazoea awezayo kuyavua?

Kwanza ipambanuliwe kwamba fujo si najisi. Nyumba iliyovurugika yaweza kuwa tohara, na sala ndani yake ikasihi. Hata yale maneno mashuhuri ya kwamba usafi ni katika imani hayakuthubutu kwa lafudhi hiyo kuwa ni Hadithi. Iliyothubutu, katika Sahihi ya Muslim, ni ya tohara. Basi mtu asimhukumu jirani yake kwa dhambi asiyoitenda. Ubaya wa fujo uko katika haki za watu. Mtu wa Kwala ameazima jembe la jirani, na sasa halioni. Ameandikiana deni, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, kisha karatasi ikapotea. Akifa, warithi hawajui alichodai wala alichodaiwa. Na kabla ya hao wote yuko mkewe, ndiye aulizwaye kila asubuhi, "Kofia yangu i wapi?" kana kwamba ndiye aliyeiweka. Ilhali Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi za watu wake.

Ama hoja ya maumbile, ilijibiwa zamani na Imamu Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika Ihya. Alieleza kwamba lau tabia hazibadiliki, mawaidha yangekuwa upuuzi. Na hata mnyama hufunzwa akafunzika. Kokwa ya tende si mtende, walakini imeumbwa iweze kuwa mtende ikilelewa. Na atakaye hati nzuri huiga kwa taabu mkono wa mwandishi hodari, siku hata siku, mpaka lililokuwa la kujilazimisha likawa lake. Samaki aliyekauka ni maiti. Mtu hai yungali katika kulelewa.

Ajabu ni kwamba mtu huyu wa fujo anayo tartibu wala hajui kuwa anayo. Kwa Shafii, tartibu ni nguzo ya udhu: hakuna aoshaye miguu kabla ya uso. Huifuata kila siku bila kufikiri, kwa kuwa alizoezwa chuoni angali mtoto. Basi na aifunge kazi mpya kwenye hiyo ya zamani: akimaliza sala ya Alfajiri akunje shuka, baada ya Isha airudishe kanzu msumarini. Kitu kimoja kwanza, kwa siku nyingi, kisha kingine. Yule afanyaye usafi mkubwa mkesha wa Idi, akatoka jasho hata usiku wa manane, hurudia yale yale kabla ya mfunguo mosi kwisha. Na imepokewa katika Sahihi mbili kuwa amali ipendwayo zaidi ni idumuyo, ijapokuwa chache.

Akisahau siku moja, asiseme kazi imevunjika. Aliyepitiwa na sala huikidhi, wala zilizotangulia hazibatiliki.

Watu wa Kwala wanao mfano mbele ya macho yao: Bandari Kavu, iliyozinduliwa tarehe 31 Julai 2025 ili kupunguza msongamano wa bandari ya Dar es Salaam. Huko kila kontena lina namba yake, likitafutwa huonekana, na hapana adhaniye kuwa litajipanga lenyewe. Nyumba ya vyumba viwili haina haja ya namba. Yahitaji msumari wa kanzu, kasha la hati, na pembe moja ya kuwekea vya watu. Jembe ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa mwenyewe analingoja na masika yamekaribia.