Jina na Mlango

Katika miaka yangu ya ualimu, neno "darasa" kwangu lilikuwa na maana ya chumba chenye ubao, chaki na vijana. Mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, alipokuja kunijulia hali hapa Kiomboi, alinieleza kuwa kwao darasa ni maelezo tu ya kitu: kina nini, na kinaweza kufanya nini. Kwa maelezo hayo programu huunda vitu vyenyewe, kama fundi afyatuavyo matofali mengi kwa kalibu moja.

Kwa kawaida mwandishi hulitaja darasa analolitaka wakati anapoandika programu. Lakini lugha kama Java, iliyotolewa mwaka 1996, ina njia nyingine. Programu, ikiwa tayari kazini, hupokea jina kama maandishi matupu, hutafuta darasa lenye jina hilo, hulichunguza lilivyo, kisha huunda kitu ambacho mwandishi wake hakupata kukijua.

Nilimwuliza, "Faida yake nini, babu?" Akanitajia OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 na ambayo chimbuko lake ni Eldoret, Kenya. Hospitali ikitaka kuiongezea kazi mpya, huiwekea moduli. Ndani ya moduli mna faili linalotaja kwa maandishi darasa la kuianzisha. Programu kuu hulisoma jina, ikaunda kitu hicho, kazi ikaendelea. Walioiandika mwanzoni hawakuhitaji kuwajua watakaokuja baada yao. Nikasema, kumbe wazee walikwisha kuyasema haya: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndipo akanipa upande wa pili. Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro katika Log4j, chombo kinachotumiwa na programu nyingi za Java kuandika kumbukumbu za matukio. Mtu aliweza kutuma maneno machache tu. Chombo kilipoyaandika, kikayatii. Kikaenda kwenye kompyuta ya mbali, kikaleta darasa la mgeni na kulipa uhai ndani ya nyumba.

Nani alaumiwe? Mwizi ana hatia yake, hilo halina ubishi. Lakini je, aliyefungua mlango kwa kusikia jina tu?

Hapo nilinyamaza, kwani swali lilinigusa. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, siku moja nililetewa orodha ya wanachuo wa kurudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Nikaisoma mstarini bila kuuliza neno. Jina moja lilikuwa la vijana wawili, na aliyejitokeza mbele ni yule asiye na kosa, aliitwa, akaitika. Akafunga sanduku lake, akaenda zake. Zilipita wiki mbili ndipo tukamrudisha, naye hakunitazama tena usoni kama zamani.

Kwa muda mrefu nilijitetea kuwa orodha haikuandikwa na mimi. Leo naona utetezi huo hauna miguu. Aliyeandika alikosea; lakini sauti iliyoita ilikuwa yangu, na kijana aliondoka kwa sauti, si kwa karatasi.

Msomaji mpenzi, sisemi tuwafungie milango tusiowajua. Shule, hospitali hata taifa haviendelei kwa watu wale wale tuliowazoea. Mjukuu wangu anasema dawa ni kuwa na orodha ya majina yanayoruhusiwa, na kukihakiki kitu kabla ya kukikabidhi kazi. Nasi huku kwetu, mtu akibisha hodi usiku, hatusemi "karibu" papo hapo. Huuliza, "Nani?" Naye akijitaja, bado twasikiliza sauti yake kabla ya kugusa komeo.

Kuuliza huko si uchoyo. Ni heshima kwa walio ndani, na pia kwa mgeni mwenyewe, asije akabeba mzigo wa mtu mwingine kwa kuwa tu majina yao yamefanana.