Ujira wa Kiongozi wa Kijiji

Je, uongozi wa kijiji ni kazi ya kulipwa, au ni wajibu ambao mtu huutimiza kwa heshima tu? Swali hili si la hesabu ya fedha peke yake. Linagusa utu wetu.

Katika Usukuma wa zamani, nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyechaguliwa na wenzake, hakuwa na mshahara. Aliwaongoza katika kulima, na mwenye shamba akawaandalia chakula. Watemi wa enzi ya Waingereza, kinyume chake, walilipwa mishahara na serikali, na wengi wao wakaonekana kuwa watumishi wa mkoloni, hadi mamlaka yao yalipofutwa kisheria mwaka 1963. Kwa hiyo wapo wasemao kwamba mshahara huharibu uongozi.

Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatuikubali. Kazi ya nsumba ntale ilikuwa na msimu wake. Mwenyekiti wa kijiji hana msimu: husuluhisha ugomvi wa mipaka, hutia muhuri barua za wananchi, huitisha mikutano. Akiwa mkazi wa Ukara na kikao kikiwa Nansio, hana budi kuvuka maji, na siku hiyo haendi kuvua. Kwa muda mrefu wenyeviti wamefanya hayo bila mshahara wa kisheria. Posho, ilipopatikana, ilitegemea mapato ya halmashauri.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Kazi isiyolipwa na wote hulipwa na mmoja mmoja: mjane anayehitaji muhuri, au tajiri anayetamani ardhi. Tena maskini mwadilifu huogopa kugombea, na uongozi hubaki kwa wenye nacho.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumkataza kiongozi kupokea mshahara. Lilimkataza kupokea mishahara miwili au zaidi. Ubaya basi haumo katika malipo, bali katika chanzo chake. Fedha ya hisani humfunga mpokeaji kwa mtoaji. Fedha ya sheria humfunga kwa umma mzima.

Kwa hiyo sheria na iweke kiwango cha chini, kisichopungua mwaka ambao samaki wameadimika au pamba imekauka, wala kisichomtajirisha mtu. Anayejitolea tunamshukuru, anayelipwa tunamwuliza. Na umma usioweza kumwuliza kiongozi wake haujajitawala bado.