Mfunguo wa Mfungwa: Fedha za Mlangoni na Mwisho wa Adhabu

Mtu anayemaliza kifungo katika magereza ya England na Wales hutoka na mfuko wenye vitu alivyoingia navyo, karatasi ya masharti ya kuachiliwa kwake, na fedha kidogo za kumvusha siku za mwanzo. Kwa zaidi ya miongo miwili fedha hizo zilikuwa pauni 46, kiwango kilichosimama pale pale huku kodi ya chumba, nauli na bei ya mkate zikipanda. Mwaka 2021 ziliongezwa hadi pauni 76, na kuanzia hapo zikafungamanishwa na mfumuko wa bei. Huko California kiwango ni dola 200, kilichowekwa mwaka 1973, na anayehitaji nguo au tiketi ya basi hukatwa humo humo. Mwaka 2022 bunge la jimbo hilo lilipitisha mswada wa kuzifikisha dola 1,300. Gavana Gavin Newsom akaukataa kwa hoja ya gharama.

Mjadala wa hadhara kuhusu fedha hizi huwa juu ya kiasi: ni nyingi mno au chache mno? Lakini kiasi hakiwezi kuamuliwa kabla ya kujulikana kinachotolewa ni nini. Anayetoa sadaka ana uhuru wa kutoa shilingi au elfu. Anayelipa deni hana uhuru huo. Basi swali la kwanza ni la jina. Kiswahili kina majina kadhaa ambayo mtu angeweza kuyapa malipo haya, na kila jina lina madai yake ya kimaadili.

Jina la kwanza ni kiinua mgongo, yaani malipo apewayo mtumishi anayeondoka kazini baada ya utumishi mrefu. Lugha yenyewe inashawishi, maana husemwa kwamba mtu “ametumikia” kifungo. Hata hivyo jina hili halikai. Kiinua mgongo hukua kadiri ya miaka ya utumishi, ilhali fedha za mlangoni hazimtofautishi aliyekaa miezi sita na aliyekaa miaka kumi na sita. Na mfungwa hakutumika kwa mapatano, aliwekwa.

Jina la pili ni sadaka. Ndilo jina ambalo wengi wanalo moyoni, wanaotaka kutoa na wanaokataa vilevile. Tabia ya sadaka ni kwamba mtoaji angeweza kupita njia yake na asilaumiwe na sheria, na mpokeaji hana la kudai ila kushukuru. Lakini dola si mpita njia aliyemkuta mtu amekaa kando ya barabara. Dola ndiyo iliyomtoa mtu huyu kazini, na kwa kumtoa kazini akapoteza nyumba aliyokuwa akiilipia kodi. Dola ndiyo iliyosimamisha stahiki zake: mzee aliyehukumiwa kifungo nchini Uingereza hapokei pensheni ya serikali akiwa gerezani, hata kama aliichangia tangu ujana, na nchini Marekani malipo ya uzeeni husimamishwa baada ya siku 30 za kifungo. Ilikuwa na haki ya kumfunga; hilo halipingwi hapa. Lakini aliyemnyang'anya mtu njia zote za kujikimu, hata kwa haki, hawezi baadaye kujitazama kama mgeni mkarimu anayemwonea huruma.

Jina la tatu ni nauli. Hili liko karibu zaidi na desturi. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayeachiliwa awe na mavazi yanayofaa, hati za utambulisho, na uwezo wa kufika aendako na kujikimu katika kipindi kinachofuata mara tu baada ya kutoka. Nauli haina maana ya sifa wala ya thawabu. Inamfikisha mtu mahali, na kwa hiyo inaamsha swali ambalo majina mengine hayaliamshi: anafikishwa wapi?

Kabla ya kulijibu, ni lazima kusikiliza pingamizi, maana ni pingamizi zito. Nje ya lango la gereza yupo mfanyakazi anayesafisha ofisi usiku, ambaye hajamdhuru mtu, na hakuna anayemngoja asubuhi na bahasha. Yupo pia aliyeibiwa au kujeruhiwa na huyu anayetoka. Kwa nini mkono wa umma umfikie mkosaji kabla ya hao wawili? Fikra hii ina historia ndefu. Jeremy Bentham alishikilia kwamba hali ya mfungwa isiwe bora kuliko ya maskini wa chini kabisa aliye huru, na Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ikaijenga kanuni hiyo hiyo katika nyumba za kazi: anayesaidiwa asiishi vizuri kuliko kibarua wa hali ya chini kabisa.

Kanuni ya mwaka 1834 ina mvuto wa haki, lakini itazamwe inavyofanya kazi. Haimpi msafishaji wa ofisi chochote. Mshahara wake hauongezeki hata peni moja kwa sababu mwingine ametoka gerezani mikono mitupu. Inageuza dhiki yake kuwa kipimo: badala ya kuuliza kwa nini mtu mwadilifu anaishi kwa taabu, inaitumia taabu hiyo kama dari ambalo mwingine asilipite. Malalamiko ya msafishaji ni ya haki, na anayepaswa kuyajibu ni mwajiri wake na serikali yake. Kuyapeleka mlangoni pa gereza ni kuwapumzisha wote wawili.

Haki ya aliyedhulumiwa ni jambo jingine, na haipaswi kupunguzwa kwa maneno. Lakini haki hiyo hutafutwa katika hukumu na katika fidia. Uingereza inayo hata sheria inayoruhusu kukata hadi asilimia 40 ya mshahara unaozidi pauni 20 kwa wiki, kwa wafungwa wanaoruhusiwa kufanya kazi za ujira nje ya gereza, ili fedha hizo ziwasaidie waathirika. Mtu anaweza kuikosoa au kuisifu sheria hiyo. Angalau inajua inachokifanya, kwamba inachukua kwa mkosaji aliye na pato na kumpa aliyeumizwa. Njaa ya wiki ya kwanza ya uhuru haimpi aliyeumizwa kitu.

Hapo ndipo kiini cha suala kinapojitokeza. Adhabu katika dola ya sheria ina mwandishi wake, naye ni hakimu. Hupimwa, hutangazwa hadharani, na huweza kukatiwa rufaa. Hegel alifundisha kwamba kumwadhibu mkosaji ni namna ya kumheshimu kama mtu mwenye akili, aliyetenda kwa hiari na anayeweza kuwajibika. Ukikubali hoja hiyo, unalazimika kukubali na mwisho wake: anayeheshimiwa kwa kuadhibiwa hana budi kuheshimiwa pia adhabu inapokwisha. Adhabu isiyo na mwisho haimchukulii mtu kama mwenye deni. Inamchukulia kama doa.

Adhabu inayoongezwa na ofisi ya misaada haina hakimu, haina kipimo, wala haina rufaa. Mwaka 1996 sheria ya Marekani iliwapiga marufuku maishani waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya kupata msaada wa chakula, ingawa kila jimbo lilipewa nafasi ya kulegeza au kujiondoa. Marufuku hiyo ilitungwa kama kipengele cha sheria ya misaada, lakini aliyefungwa miaka miwili na kunyimwa chakula cha msaada miaka thelathini ameadhibiwa miaka mingapi?

Kwamba mantiki ya fedha hizi imevurugika kunaonekana zaidi kwa wasio na hatia. Kwa miaka mingi kanuni za Uingereza hazikumpa ruzuku ya kutoka gerezani mahabusu aliyeshikiliwa kisha akaachiliwa bila kutiwa hatiani. Aliyekosa alipewa, asiyekosa hakupewa. Ajabu kubwa zaidi ilihusu waliofungwa kimakosa. Fidia zao ziliweza kukatwa kiasi kilichohesabiwa kuwa gharama za malazi na chakula ambazo hawakuzitumia wakiwa gerezani. Makato hayo yaliondolewa mwaka 2023, baada ya hukumu ya Andrew Malkinson kufutwa alipokwisha kutumikia miaka 17 kwa kosa ambalo hakulitenda. Dola iliyoweza kukitaja kitanda cha seli kama faida aliyoipata mtu ilikuwa imeyachanganya majina yote: ilimfunga bila haki, kisha ikamwandikia kifungo chake kama hisani.

Sasa lirudiwe swali la nauli. Mtu anafikishwa wapi kwa fedha za mlangoni za England na Wales? Mfumo mkuu wa misaada ya umma nchini humo hulipa kwa mara ya kwanza baada ya takriban wiki tano tangu maombi yapokelewe. Malipo ya awali yanapatikana, lakini ni mkopo unaokatwa katika miezi inayofuata. Kwa hiyo anayetoka huanza uhuru wake ama kwa kukaa bila kitu au kwa deni jipya, mara nyingi bila akaunti ya benki wala anwani. Bunge lenyewe lilikiri kwamba wakati ni sehemu ya jambo hili: sheria ya mwaka 2023 iliruhusu baadhi ya wafungwa wanaotarajiwa kutoka Ijumaa waachiliwe siku moja au mbili za kazi mapema, ili wasizikute ofisi zikifungwa hadi Jumatatu.

Waswahili wa pwani wana hekima ya zamani kuhusu wakati wa kufunguliwa. Mwezi unaofuata Ramadhani wao huuita Mfunguo Mosi, na kuanzia hapo miezi huhesabiwa hadi Mfunguo Tisa. Mwaka unahesabiwa kutokea kwenye kufunguliwa, si kutokea kwenye kufungwa. Na mlangoni pa mfunguo huo pamewekwa wajibu, zaka ya fitri, inayotolewa ili maskini asilazimike kuombaomba siku ya Idi. Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas inapambanua wazi: iliyotolewa kabla ya sala ni zaka, na iliyotolewa baada yake ni sadaka miongoni mwa sadaka. Kipimo cha nafaka ni kile kile na mkono unaopokea ni ule ule, ila kuchelewa kumeibadilisha asili ya kinachotolewa.

Hapo ndipo jina sahihi linapopatikana. Fedha za mlangoni ni kitendo cha mwisho cha hukumu yenyewe. Aliyefunga ana wajibu wa kufungua, na kufungua hakutimii kwa kugeuza ufunguo katika kitasa ikiwa aliyeko nje hana pa kulala usiku huo. Kiasi kinachostahili basi si siri: ni kile kinachomfikisha mtu hadi siku ambayo mshahara au msaada wa kawaida, anaostahili kama raia mwingine yeyote, utaanza kumfikia. Kinachopungua hapo ni kifungo kilichoendelezwa kwa njia nyingine, na kinachokuja baada ya wiki tano kimekwisha kuwa sadaka.

Wajibu huu una mpaka wake. Haumtaki aliyeumizwa asamehe, wala haudai jirani amkaribishe anayetoka kwa furaha. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa, na hakuna serikali inayoweza kuutoa kwa niaba yake. Dola inadaiwa jambo dogo zaidi na lililo ndani ya uwezo wake: iliposema miaka mitatu, iwe ilimaanisha mitatu.