Dawa ya Maneno na Haki ya Aliyedhulumiwa

  

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa na baadhi ya jamaa zetu wa Pwani walioko Kericho na Bomet kwa kazi na biashara: Je, yafaa Muislamu kutibu majonzi na khofu kwa ile ilimu iitwayo programu ya nyuro-lingwistiki? Swali hili twaliona kubwa, kwani wanaouliza wakaa kati ya watu waliojeruhiwa nyoyo. Na chai ya nchi ile ndiyo ishukayo Mombasa kuuzwa kwa mnada, na ndiyo tuinywayo alasiri kwa mahamri pasina kumfikiri aliyeichuma.

Ilimu hiyo ilitungwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, na Richard Bandler na John Grinder. Waliwatazama matabibu wa nafsi waliosifika, kama Virginia Satir na Milton Erickson, wakasema: tukizishika namna zao za kusema, tutapata matunda yao. Wafuasi wao wafundisha kwamba khofu hutokana na picha iliyomo moyoni, na kwamba picha hiyo yaweza kufanywa ndogo, kufifizwa rangi na kusogezwa mbali, hata ipoteze nguvu. Tena wafundisha msemaji afuate pumzi na mkao wa anayesema naye, ili azoeleke upesi.

Katika haya mna lililo kweli, nalo si geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili, na kwamba fikra njema na maneno ya mwenzio ni katika dawa zake. Na juu ya huyo ni Mtume wetu (S.A.W.). Kijana alimwendea kuomba ruhusa ya kuzini, waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeliridhia hayo kwa mamake, kwa bintiye, kwa dadake. Kisha akamwekea mkono na kumuombea. Kijana akaondoka na moyo mwingine. Hapakuwa na hila pale. Palikuwa na swali la kweli na huruma ya kweli.

Lakini pia wako wanaodai kwamba mwongo hujulikana kwa upande atazamao kwa macho yake. Mwaka 2012 Richard Wiseman na wenziwe walilipima dai hili, wasione dalili ya kulithibitisha. Mwaka huo huo wataalamu wa Uingereza waliukusanya uchunguzi uliofanywa juu ya kutibu kwa njia hii, wakaona ushahidi ni haba. Nasi twaongeza: binti aliyelelewa kwa heshima huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Je, tumhukumu kuwa mwongo kwa adabu yake? Sharia yataka ushahidi, haitaki ramli ya mboni.

Sasa twendeni penyewe. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za mashamba ya chai ya Kericho: wanawake zaidi ya 70 walisema wameingiliwa utu wao na wakubwa wao wa kazi. Jambo hili twalitaja kwa kuona haya, lakini kulinyamazia ni aibu kubwa zaidi. Mwanamke awacha wanawe, apanda kilima na kikapu mgongoni, achuma majani mawili na kichipukizi. Na riziki yake imo mkononi mwa mtu mmoja, amwambiaye: nipe mwili wako nikupe kazi. Na kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mashamba ya huko yalivamiwa, wafanyakazi wa makabila mengine wakauawa na wengine wakakimbia. Watu 218 walishitaki hata London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikaamua kwamba kesi yao isiendelee.

Mtu wa namna hii akiketishwa akaambiwa, "Fumba macho, ile picha ifanye ndogo," huenda akapata usingizi usiku ule, nasi hatumzuilii usingizi. Ila nyapara yuko pale pale asubuhi. Khofu yake si picha; ni mtu mwenye jina, ambaye ndiye mgawa kazi. Kumfundisha kuifuta khofu, hali aliyeitia hajaguswa, ni kumuondolea mlinzi wake. Na ilimu ya kumzoea mtu upesi na kumlainisha kwa maneno, huyo nyapara ndiye atakayeitamani kwanza.

Tazameni Sura ya Al-Mujadila. Khawla bint Tha'laba alikuja kumlalamikia mumewe aliyemtamkia dhihari. Mwenyezi Mungu hakumuamrisha subira tu. Alitangaza kwamba ameisikia kauli yake, kisha akateremsha hukumu, na mume akalazimishwa kafara kabla ya kumgusa. Kusikizwa kwake na hukumu yake vilikuja pamoja.

Basi jawabu yetu ni hii. Kutuliza pumzi, kugeuza fikra mbaya na kuzungumza na mshauri mwaminifu ni mubaha, maadamu hamna shirki, wala khalwa ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu, wala mali kuliwa kwa ahadi za uongo. Mwenye maradhi mazito ya akili apelekwe hospitali. Mwenye kutibu asikubali kulipwa na bwana shamba ili awanyamazishe wachumaji. Nanyi mlioko huko, akiwajia mchumaji msikitini au dukani, awe Mkipsigis, Mkisii au Mjaluo, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, msikizeni mpaka amalize, andikeni siku na mahali na jina la aliyemdhulumu, kisha mfuatane naye polisi na kwa wakili. Wake zenu wawe pamoja naye, maana mengine hatayasema mbele ya wanaume.