Dinari ya Saa Kumi na Moja

Mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo aliajiri vibarua tangu alfajiri hadi saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Jioni wote wakapokea dinari moja, na waliochomwa na jua mchana kutwa wakanung'unika.

Detroit, Marekani, mwaka 2007, mambo yalipinduliwa. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubaliana na General Motors, Ford na Chrysler kwamba wakongwe wabaki na takriban dola 28 kwa saa, na wengi wa watakaokuja baadaye waanzie dola 14 hivi, bila pensheni ya wenzao. Kiwanda kile kile, bolti zile zile, nusu ya ujira. Kampuni zilikuwa taabani kweli: General Motors ilifilisika Juni 2009. Lakini waliopiga kura ni waliokuwamo, na mzigo wakatwishwa wasiokuwapo.

Je, mtu anaweza kudhulumiwa kabla hajafika? Naam. Kutokuwepo kwake ndiko kulikorahisisha dhuluma. Ukongwe una heshima yake, na nyongeza ya kila mwaka ni ngazi ambayo hata mgeni ataipanda. Tarehe ya kuajiriwa haipandiki. Wahenga walitaka mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakusema apewe jembe zima na sahani nusu.

Wapo waliolielewa hili kwa vitendo. Wafanyakazi wa John Deere, kampuni ya matrekta, walikuwa wamekwisha kugawanywa vivyo hivyo, wakongwe na wageni, na mkataba wa 1997. Oktoba 2021 wakaletewa mwingine, uliotaka kuwaondolea pensheni wote watakaoajiriwa baadaye. Asilimia 90 ya waliopiga kura waliukataa. Watu zaidi ya 10,000 waligoma kwa wiki tano, na pensheni ikabaki. Hapo vibarua wa asubuhi walinung'unika kwa ajili ya wenzao wa saa kumi na moja, watu ambao majina yao hayajaandikwa hata kwenye daftari. Huo ni upendo wa jirani uliogharimu mishahara.

Mwaka 2023 ikafika zamu ya Detroit. Chini ya Shawn Fain, kiongozi anayenukuu Biblia hadharani, UAW iligoma kwa zaidi ya wiki sita. Muda wa kufikia mshahara wa juu ukashuka kutoka miaka minane hadi mitatu. Pensheni ya walioajiriwa baada ya 2007 haikurudi.